MAMBO YA NYUMBANI: Mbwa wa Boksa na Mji wa Adu

Mbwa alizoeana na binadamu kabla ya ng'ombe, mbuzi na kuku, na hata hivyo ndiye mnyama ambaye watu wengi humfuga pasipo kufikiri. Mtu akienda kununua ng'ombe humtazama meno na kiwele, tena huuliza mama yake alikuwa akitoa maziwa kiasi gani. Lakini mbwa huokotwa njiani, akatupiwa ukoko wa ugali, akaachwa ajilee mwenyewe. Kisha siku akimwuma mtoto wa jirani, mwenye mji hushika kichwa na kuuliza balaa hilo limetoka wapi.

Na uchukuliwe mfano wa kijana mmoja, mwenyeji wa Adu katika Magarini, Kaunti ya Kilifi, aliyekuwa akifanya kazi ya upishi katika hoteli huko Malindi. Jamaa ya wageni waliokuwa karibu kurudi kwao Ulaya walikuwa na mbwa jike wa aina ya boksa aliyezaa watoto saba, nao wakamwahidi kijana yule mtoto mmoja bila malipo. Kijana alifurahi mno. Alipopata likizo alikwenda kwao, akamkuta baba yake ameketi chini ya mkilifi akisokota kamba, na Simba, mbwa wake mzee wa kienyeji, amelala miguuni pake.

"Baba," akasema kijana baada ya salamu, "nimepewa mtoto wa mbwa wa Kizungu. Nataka nimlete hapa mjini alinde mbuzi."

Mzee hakuinua macho katika kamba yake. "Ni vema, mwanangu. Lakini niambie kwanza: huyo mbwa wazee wake walikuwa wakifanya kazi gani? Atakula nini? Jua la hapa ataliweza? Na wewe ukisharudi Malindi, ni nani atakayemlea?"

Maswali hayo manne yampasa kila mtu anayetaka kufuga mbwa ajiulize, awe anakaa Adu au Nairobi, na mbwa awe wa ng'ambo au wa hapa hapa. Yafaa yajibiwe moja moja.

Swali la kwanza ni la asili. Boksa ni mbwa wa Ujerumani. Wazee wake walikuwa mbwa wenye taya nene waliotumiwa na mabwana wa kale katika kuwinda nguruwe mwitu na dubu. Kazi yao ilikuwa kumkamata mnyama na kumshikilia mpaka wawindaji wafike. Baadaye mbwa hao walichanganywa na buldogi wa Uingereza, na mwaka 1895 chama cha kwanza cha wafugaji wa boksa kikaundwa katika mji wa München. Katika vita vya 1914 hadi 1918 mbwa hao walipeleka barua na kulinda kambi za askari. Dume hufikia kimo cha sentimita 57 hadi 63 begani, na uzito wake hupita kilo 30. Jike hupungua kidogo. Rangi yake ni ya udongo mwekundu au ya milia, na kifua mara nyingi huwa cheupe. Uso wake umebonyea na taya la chini limetokeza mbele, hata asiyemjua humdhania mkali kuliko alivyo.

Kwa tabia, boksa ni mbwa wa watu. Hupenda watoto, hupenda mchezo, na akili za utoto hazimtoki upesi. Aweza kutimiza miaka miwili au mitatu naye angali akirukaruka kama mwana mbuzi. Huwalinda watu wa nyumba yake kwa moyo wote. Lakini upendo huo una gharama yake: boksa hawezi kuachwa peke yake siku nzima. Akifungwa kwa mnyororo mfupi nyuma ya jiko hupoteza akili, akatafuna milango, akabweka usiku kucha.

Mbwa wa kienyeji naye ana asili yake, ingawa haikuandikwa katika daftari la chama cho chote. Wako watu wanaomdharau kwa kumdhani ni mchanganyiko tu wa mbwa waliopotea. Sivyo. Mwaka 2009 ilitolewa habari ya uchunguzi wa damu za mbwa wa vijijini katika Misri, Uganda na Namibia, na ilionekana kwamba mbwa wengi wa vijiji vya Uganda walikuwa wa asili ya Afrika hasa, wala si mabaki ya mbwa wa Wazungu. Mbwa wa namna hii amechaguliwa na nchi yenyewe kwa vizazi vingi: yule asiyeweza njaa, jua na maradhi hakuacha watoto. Ndiye alindaye mbuzi na fisi usiku, na ndiye afukuzaye nyani na ngiri katika mashamba ya mahindi na mihogo.

Swali la pili ni la chakula. Mbwa mwenye kilo 30 hula chakula kingi, tena chakula chake hakiwi ugali mtupu. Mbwa anayekua hutaka nyama, samaki, dagaa, mayai au maharage yaliyopikwa vizuri, pamoja na nafaka. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hulishwa mara nne kwa siku, chakula kidogo kidogo. Akifika miezi sita mara mbili zatosha. Boksa, kwa kuwa kifua chake ni kirefu, hapasi kushibishwa mara moja kisha akakimbizwa, maana tumbo laweza kujaa hewa na kujipinda, na mbwa akafa kabla ya kupambazuka.

Yako mambo ya kuangaliwa kwa mbwa wote. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vigae na kutoboa matumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa. Lililo kubwa kuliko hayo ni mahindi yaliyoota ukungu. Watu wengi huona haya kuyapika kwa ajili ya watoto, wakayatupa kwa mbwa, kana kwamba mbwa hana ini. Sumu ya ukungu huo ndiyo ile iliyoua watu 125 katika Ukambani mwaka 2004, na mbwa huwahi kuuawa nayo kuliko wanyama wengi wa nyumbani. Mahindi yasiyofaa kwa mtu hayamfai mbwa.

Swali la tatu, la jua, ndilo lililomnyamazisha kijana yule. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Hujipoza kwa kuhema. Mwenye pua ndefu hupitisha hewa nyingi, naye mwenye pua fupi kama boksa hupitisha kidogo. Adu ni nchi ya bara kidogo, upepo wa bahari hufika umekwisha choka, na miezi ya kiangazi jua la adhuhuri hufukuza hata mbuzi vivulini. Boksa akichungishwa mbuzi saa hizo aweza kuanguka: ulimi huwa mwekundu mno, mate huwa mazito, miguu hulegea. Akionekana hivyo achukuliwe kivulini upesi, amwagiwe maji mwilini na kupepewa, apewe maji kidogo kidogo, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo. Anayemfuga boksa pwani hana budi kumtembeza alfajiri na jioni tu, na kumwekea maji na kivuli mchana kutwa.

Pamoja na jua kuna wadudu. Kupe humletea mbwa homa inayomwondolea damu, na ufizi wake huwa mweupe. Mbung'o wa misitu ya kuelekea Galana huleta nagana, ambayo huwapata mbwa kama iwapatavyo ng'ombe: mbwa hukonda, hupatwa na homa ya mara kwa mara, na macho yake hufanya ukungu. Katika miaka ya 1980 wataalamu walichunguza ng'ombe katika ranchi ya Galana, wakaona kwamba ng'ombe wa Boran waliotoka kwa Waorma walistahimili nagana kuliko Boran wenzao waliotoka katika nchi zisizo na mbung'o. Hilo ni fundisho kwa kila mfugaji: uzuri wa mnyama haupimwi kwa umbo peke yake, bali pia kwa nchi atakayoishi. Hata mbu wa pwani wana yao. Mwaka 1958 ilielezwa habari ya mnyoo mwembamba uliopatikana katika mbwa, paka na kanu wa Kisiwa cha Pate, mnyoo ambao hupelekwa na mbu kutoka mnyama hata mnyama.

Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Si kwamba mbwa wa kigeni hawezi kuishi pwani. Wako wanaoishi vizuri katika nyumba zenye ua, kivuli, chakula cha kutosha, na daktari wa mifugo aliye karibu. Lakini vitu hivyo ni lazima viwepo kwanza, mbwa aje nyuma yake.

Swali la nne ni la malezi. Mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama yake kabla ya kutimiza majuma manane. Katika siku hizo mama na ndugu zake humfundisha kwamba kuuma kunaumiza. Mwenye kuchagua amtazame mama kwanza, kwa kuwa mama mwoga au mkali huzaa mara nyingi watoto wa tabia yake. Kisha awatazame watoto wakicheza. Asimchague yule ajifichaye pembeni akitetemeka, wala yule awapigaye wenzake wote; amchague yule amjiaye mtu kwa furaha na kunusa mikono yake. Macho yawe maangavu, pua isitoke usaha, ufizi uwe mwekundu mwororo, na tumbo lisivimbe kama ngoma, kwani tumbo hilo si shibe bali ni minyoo. Akiwa boksa mweupe, mtu asimame nyuma yake na kupiga makofi, kwa sababu baadhi ya boksa weupe huzaliwa viziwi.

Akisha kufika nyumbani, hapana wakati wa kupoteza. Kabla ya kutimiza miezi mitatu mbwa hujifunza ni nini cha kuogopwa na ni nini cha kupendwa. Basi aonyeshwe mbuzi, kuku, watoto, wazee wenye fimbo, baisikeli na pikipiki, pole pole, pasipo kutishwa. Apewe jina moja fupi, na watu wote wa mji walitumie hilo. Akifanya vema asifiwe na kupewa kipande cha chakula. Akikosa akatazwe papo hapo kwa sauti. Kumpiga mbwa kwa kosa la asubuhi wakati wa jioni ni kumfundisha kumwogopa mwenyewe tu. Samaki mkunje angali mbichi, lakini akunjwaye kwa hasira huvunjika.

Watoto nao wafundishwe. Mbwa anayekula asiguswe, wala mbwa jike aliye na watoto, wala mbwa aliyelala asistushwe. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa ye yote, hata akiwa mpole kama kondoo. Tena wanawe mikono baada ya kumchezea, kwa ajili ya minyoo. Na mbwa mwenyewe apewe dawa ya minyoo tangu majuma mawili ya kuzaliwa, kila majuma mawili mpaka miezi miwili, kila mwezi mpaka miezi sita, na baadaye kila baada ya miezi mitatu.

Ujirani mwema pia ni sehemu ya malezi. Katika nchi ya Magarini na Malindi Waislamu na Wakristo na wenye kushika mila za wazee huishi mji kwa mji. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Lakini mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo ameruhusiwa. Basi mwenye mbwa amzuie asiingie katika jiko la jirani wala kulamba masufuria kisimani. Ugomvi mwingi wa vijiji haukuletwa na mbwa, ila na mwenye mbwa asiyejali.

Mzee alipokwisha kusikia yote hayo kutoka kwa kijana wake, ambaye alikuwa ameuliza habari hizo kwa daktari wa mifugo, alicheka kidogo. "Basi wewe mwenyewe umejijibu, mwanangu. Mbwa huyo ni mzuri, lakini wewe ulitaka watu wa Adu wamwone, hukutaka yeye aione Adu."

Kijana aliinamisha kichwa, maana neno lile lilikuwa la kweli. Alinyamaza kitambo, kisha akamtazama Simba aliyekuwa akijikuna shingo. "Baba, unisamehe nikuulize. Huyu Simba alichanjwa lini?"

Mikono ya mzee ilisimama juu ya kamba. Simba alikuwa na miaka saba, wala hakuchanjwa hata mara moja. Mzee alikumbuka mtoto wa jirani, miaka mingi iliyopita, aliyeumwa mguuni na mbwa wa kupita, jeraha dogo lisilofika ukucha. Mtoto alificha kwa kuogopa kupigwa. Jeraha likapona, watu wakasahau. Mwezi wa pili mtoto akaanza kuogopa maji, akikiona kikombe koo likimkaza, na baada ya siku chache akazikwa.

Hapo ndipo penye jambo kubwa kuliko boksa na wasio boksa. Kichaa cha mbwa hakichagui ukoo. Dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hapana aponaye. Katika kila watu 100 wapatao ugonjwa huo duniani, 99 huambukizwa na mbwa, na watoto ndio wanaoumwa mara nyingi. Lakini kinga yake imejulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Siku ya kufa kwake Pasteur, tarehe 28 Septemba, ndiyo iliyofanywa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Serikali ya Kenya mwaka 2014 ilitoa mpango wa kuufuta ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030, na njia kuu ya mpango huo ni kuchanja mbwa. Wakichanjwa 70 katika kila mbwa 100, mwaka kwa mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, na tena kila mwaka. Cheti chake kitunzwe pamoja na karatasi nyingine za nyumba. Siku ya chanjo ikitangazwa, mbwa aletwe na mtu mzima anayemjua, amefungwa kamba shingoni. Asitumwe mtoto kumkokota. Na mbwa ambaye mwenyewe hataki azae, ahasiwe. Mbwa jike huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na watoto wanaotupwa vichakani ndio mbwa wasio na mwenyewe, wasio na chanjo.

Mbwa akibadilika ghafula, aliyekuwa mpole akawa mkali au aliyekuwa mkali akawa mpole kupita kiasi, akatafuna miti na mawe, sauti ikakauka, taya likalegea na mate kumtoka, asikaribiwe. Daktari wa mifugo aitwe. Mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au mate yakaingia katika kidonda chake, aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili. Asitie pilipili, wala majivu, wala mafuta ya taa. Kisha aende hospitali siku ile ile apate sindano, na azimalize zote kwa tarehe alizopangiwa, hata jeraha likiwa dogo kama la mwiba. Na wazazi wawaambie watoto mapema: aliyeumwa na mbwa hapigwi. Neno hilo moja laweza kuokoa roho.

Mambo yao yalikwisha hivi. Mtoto wa boksa alibaki Malindi, akachukuliwa na jamaa wenye ua mpana na miembe. Kijana alichagua huko huko Adu mtoto wa mbwa wa kienyeji, wa majuma tisa, mwana wa mbwa jike aliyesifiwa kwa kulinda mbuzi wa jirani bila kuuma watu. Siku ya chanjo mzee alitangulia mwenyewe njiani, na shingoni mwa Simba ilikuwamo ile kamba aliyokuwa akiisokota.